Sukari Kabla ya Mawe

Katika familia ya Mzee Stanislas, pale Kasungami, binti haondoki kwenda kwa mumewe kabla ya kusimuliwa mwaka. Si miaka, ni mwaka mmoja tu, wa hamsini na saba, na wala si kwamba dunia nzima iliukumbuka. Dunia ilikuwa na mambo yake. Lakini kule kwenye kituo kidogo cha reli upande wa Sakania, ambako familia hiyo ilitokea, mwaka huo ulijaa vituko, na ndani yake wakazaliwa Stanislas na Anaclet, watoto wa ndugu wawili, ambao hadi leo ndio wazee wa nyumba.

Kila mtu aliujua mwaka huo kwa mpangilio wake, kama anavyojua Baba Yetu. Kwanza treni ya sukari ilipinduka darajani. Kisha simba akalala kituoni. Kisha askofu akaja na gari lake likakwama. Mwisho ikaanguka mvua ya mawe. Stanislas alikuwa mtoto wa sukari, Anaclet mtoto wa mawe, na sheria yote ya nyumba ilitoka hapo: Stanislas ndiye yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa huko, na Anaclet ni mdogo.

Na mdogo ni mdogo, hata akiwa na mvi na wajukuu. Kuku akichinjwa, firigisi ilikwenda kwa Stanislas. Binti akiondoka, Stanislas ndiye aliyempaka usoni mpemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwa sababu wakubwa walisema mkono wa mdogo haubariki wakati mkubwa yu hai. Akithubutu, baraka haishiki. Anaclet alikaa pembeni akaitikia amina. Alikuwa amezoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana, mradi amekivaa tangu utotoni.

Alikuwa kitinda mimba wa mama yake, na pia wa kwanza, maana hakutanguliwa wala kufuatiwa na mwingine. Kwa hiyo alisema "yaya" maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwita yeye yaya. Hilo hakulisema kwa mtu. Angelisemea wapi, mzee mzima?

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Plamedie, mjukuu wa Stanislas, aliyekuwa anaolewa kwa kina Mbuyi, watu wa Kasai wenye duka la vitambaa mjini. Wakwe wangekuja kesho yake kumchukua. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani, na Claudine, binti yake Stanislas na mama wa bibi harusi, alikuwa akizunguka tangu asubuhi akiwakemea watu ambao hawakuwa wamekosa lolote. Ndivyo alivyo Claudine akiwa na huzuni.

Msimuliaji alikuwa Shangazi Laurentine, dada mdogo wa baba zao Stanislas na Anaclet, aliyeletwa kutoka Sakania kwa ajili hiyo. Mwaka wa hamsini na saba yeye alikuwa msichana wa kuteka maji na kubeba watoto mgongoni. Sasa alikuwa mkongwe, mwembamba, macho hafifu, lakini sauti yake ilikuwa bado na nguvu ya kufika hadi barabarani.

Akaanza kama kawaida. Mvua kubwa ilikula udongo chini ya reli, treni ikaja, mabehewa yakalala ubavu kama ng'ombe, na sukari ikamwagika hadi kijitoni. Watu walitoka na sufuria, na mashuka, mwanamke mmoja na kofia ya mumewe. Siku nyingi baadaye maji ya kijito yalikuwa bado yana ladha ya chai. Wageni wakacheka, hata wale waliokwisha kusikia kisa hicho katika harusi tano.

Akaja kwa simba. Mkuu wa kituo alifungua mlango wa chumba cha wasafiri alfajiri, akamkuta mnyama amejinyoosha chini ya benchi, akafunga taratibu na kwenda kupiga simu ya reli kuuliza kama sheria inaruhusu. Jibu halijafika mpaka leo. Simba aliondoka mwenyewe dirishani. Hapo Stanislas alicheka hadi akakohoa, na Anaclet akampigapiga mgongoni bila kumtazama, kama alivyofanya miaka yote.

Kisha askofu. Alikuja kutoa kipaimara, gari likazama mchangani hadi milango, na wanawake waliokuwa njiani kwenda mazishini wakaacha kulia, wakalisukuma, wakarudia kilio pale walipokiachia.

Plamedie alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, anasikiliza kweli. Wasichana waliomtangulia walisikiliza huku wakitazama kucha zao. Yeye akauliza, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Tantine, ile sukari ilikuwa na udongo na mafuta ya train. Juu ya nini mulikuwa nakula? Hamukuwa na bukari?"

"Bukari ya wapi, mama?" akasema Shangazi Laurentine, na bukari kwao ni ugali. "Mawe ilimalizaka muhindi yote mu shamba, muhindi ya kubeba, tulibakia na matembele tu. Muntu iko na njaa, atachagua udongo?"

Ulimi hauna mfupa. Wageni walicheka tena, mtu akaomba maji, Claudine akamkemea mtu mwingine. Anaclet hakucheka. Alikuwa amelima mahindi pale Kasungami tangu reli ilipomwachisha kazi, na alijua vizuri kwamba mwezi wa kumi, mwezi ambao siku zote aliambiwa mawe yalianguka, shambani hakuna hindi la kubeba. Kuna majivu na matuta yanayosubiri mvua. Mahindi hubeba mwanzoni mwa mwaka. Na kama njaa ya mawe ndiyo iliyowafanya watu walambe udongo wenye sukari, basi mawe yalikuja kwanza na sukari ikaja nyuma.

Alimtazama Stanislas. Mkono wa Stanislas, uliokuwa ukipiga goti polepole kama ulivyozoea, ulikuwa umetulia.

"Tantine," Anaclet akauliza kwa upole, "mawe ilitangulia?"

Shangazi Laurentine akasema ana kiu, akasema ataendelea baada ya chakula, akaomba fimbo yake na kujikokota kwenda nyuma ya nyumba kuangalia kuku kama wameiva. Claudine aliwaambia wageni kwamba ni uchovu wa safari, na wageni waliokuwa na njaa hawakuwa na sababu ya kubisha.

Anaclet alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha chini kando ya mbabula, jiko la makaa, akitazama sufuria iliyofunikwa. Alichuchumaa mbele yake, na magoti yakalia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo kata ilikuwa imebaki moja.

Shangazi alimweleza bila kukimbia. Mawe yalianguka mwanzoni mwa mwaka, mahindi yakiwa yamebeba, na siku hizohizo Anaclet akazaliwa. Njaa ikaingia. Wakati wa baridi baba yake Stanislas akashikwa na homa, na kabla hawajapata treni ya kumpeleka hospitali akafa, mkewe akiwa na mimba. Mvua mpya zilipoanza ndipo treni ya sukari ilipopinduka, na mjane akajifungua mtoto wa kiume huku watu wakipita nje na sufuria zao. Baba yake Anaclet akamchukua mjane na mtoto, wakawa nyumba moja, sahani moja.

"Njo pale mama yako alisema," Shangazi Laurentine akamwambia. "Alisema: mutoto wangu iko na baba, uyu hana. Mwenye hana baba, akikuwa tena mudogo, atakuwa boyi ya nyumba. Batamutuma maji, batamutuma kuni, na nyama itafika kwake mufupa. Tumupatie ukubwa. Basi tukapindula mwaka. Sukari tukaiweka mbele, mawe tukaitupa nyuma."

Kule kituoni majirani walijua ukweli, lakini kabla watoto hawajakomaa kutembea baba alihamishiwa mjini, na huku mjini hapakuwa na wa kujua. Padri aliyewabatiza siku moja aliandika alivyoambiwa. Anaclet akauliza kuhusu baba yake, kama naye alikubali. Shangazi akasema alinyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza ndiko kulikuwa kukubali.

Tuseme ukweli: Anaclet alikasirika. Kuna wanaodhani mzee hakasiriki, kwamba hasira huanguka pamoja na meno. Si kweli. Ilimpanda, na kilichokuja nayo haikuwa firigisi wala mpemba. Ilikuwa asubuhi moja ya utotoni, mbele ya shule ya mapadri, nafasi moja imebaki, na baba akisema mkubwa aingie kwanza. Stanislas aliingia. Mwaka uliofuata baba aliugua, na Anaclet hakuingia tena. Stanislas alikuja kukaa kwenye ofisi ya reli, kalamu mfukoni. Anaclet alibeba mataruma ya reli hiyohiyo begani mpaka bega likainama. Leo akipewa gazeti anatazama picha tu.

"Mama alitoa kitu yangu," akasema. "Hakuniuliza."

"Ulikuwa na meno mbili," Shangazi Laurentine akajibu. "Angekuuliza namna gani?"

Anaclet karibu acheke, na hilo likamuudhi zaidi. Shangazi aliweka mkono juu ya kichwa chake, mkono mkavu wenye harufu ya kitunguu. Alimwambia kwamba yeye sasa yuko mlangoni pa kaburi, na hataki kuvuka akiwa amebeba kitu cha mtu. Kama Anaclet anataka, aingie aseme. Firigisi ni yake, na mtoto yule ni wake kumpaka mpemba. Akisema, yeye hatakana.

Basi akabaki pale na ukubwa wake mikononi, mali ambayo hakujua kama aliibiwa au ilitolewa sadaka. Na kulikuwa na jambo lililomtisha. Kama yeye ndiye mkubwa, basi mabinti wote waliotoka nyumba ile walipakwa na mkono usiostahili, Claudine mwenyewe akiwa wa kwanza. Na Plamedie kesho angeondoka hivyohivyo, uso umepakwa udongo tu. Akinyamaza, anamwacha mtoto aende bila baraka. Akisema, anamvua nguo kaka yake mbele ya watu, na wakwe wanakuja kesho.

Alikumbuka mbuzi. Walikuwa wadogo, walitumwa kumchunga mbuzi wa jirani, na Anaclet akalala usingizi. Mbuzi hakuonekana tena. Stanislas alitangulia nyumbani akasema ni yeye aliyelala, kwa kuwa yeye ni yaya, na fimbo zikamwangukia yeye. Alikumbuka pia alipofiwa na mkewe, Léa. Ndugu wengine walikuja, walilia, walikula, waliondoka. Stanislas, mtu wa ofisi, suruali yake ya pasi, alilala chini kwenye mkeka pamoja naye mpaka kilio kikaisha, na asubuhi alikuwa anamnawisha uso kama mtoto. Waswahili husema mkubwa ni jalala. Kila kilichooza katika familia ile kilitupwa kwa Stanislas: ugomvi, maiti, wakwe wakali, watoto watundu. Alikula firigisi, ndiyo. Lakini firigisi yenyewe ni ndogo.

Anaclet aliinuka, akamshika shangazi yake mkono, wakarudi uani.

Chakula kilikuwa kimeandaliwa. Bukari ilitoa mvuke, sombe, kisamvu cha huko, ilikuwepo, na Claudine akaleta sahani ndogo ya firigisi akaiweka mbele ya baba yake, kama alivyofanya tangu akiwa msichana. Stanislas hakuigusa. Aliitazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa sahani, akaisukuma juu ya meza hadi mbele ya Anaclet.

Claudine aliuliza kuna nini. Stanislas alikuwa anamtazama Anaclet, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilisikia," akasema. "Muhindi haibebake mu mwezi ya kumi. Nilifanya kazi mu bureau, lakini nilizaliwa mu shamba. Ni yako. Na Plamedie njo wako wa kupakala. Mimi siwezi tena kumubariki na mukono ya bongo."

Alilisema neno hilo la mwisho, uongo, kana kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Mzee wa watu hakutunga chochote, alikuwa angali ananyonya. Anaclet alimwona amepungua ghafla kwenye kiti chake cha plastiki, mtoto asiye na baba, na hasira yake yote ikatafuta mahali pa kukaa ikakosa. Alimpenda. Alikuwa amempenda siku zote, na sasa alijua mama yake aliona nini alipomtazama mtoto yule mchanga.

Plamedie aliwatazama babu zake wawili. Anayeolewa ni yeye, na ghafla hakujua nani wa kumbariki.

"Stani," Anaclet akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote ilikuwa yaya. "Unasema mimi njo mukubwa?"

"Njo vile."

"Kweli kabisa? Mbele ya bantu bote?"

"Mbele ya bote."

"Basi sikia." Anaclet akaisukuma sahani ikarudi ilikotoka. "Mukubwa anakutuma. Ya kwanza, unakula ile firigisi. Ya pili, unamupakala mutoto mpemba. Mukono ya mudogo, kama mukubwa iko naye anaituma, ni mukono ya mukubwa. Njo hivi bakubwa balisema. Na bale batoto ba nyuma, Claudine na bengine, bote nimekutuma tangu siku ile. Nilichelewa tu kukuambia."

Claudine alifunika mdomo kwa kitenge chake. Stanislas alifungua kinywa kubisha. Hakuwahi kutumwa na mtu tangu utotoni na hakujua inavyokwenda. Anaclet akainua kidole.

"Mudogo anabishana na mukubwa?"

"Hapana," Stanislas akasema. Kisha, polepole: "Ndiyo, yaya."

Anaclet aliegemea kiti chake. Kulikuwa na redio mahali fulani kwa jirani, na watoto wanacheza mpira nyuma ya ukuta.

"Sikusikia muzuri," akasema.

"Nimesema ndiyo, yaya."

Stanislas akala. Meno yake hayakuwa mengi na firigisi haijali umri wa mtu, kwa hiyo alitafuna kwa muda mrefu huku machozi yakimshuka bila aibu, na wote walimsubiri. Kisha akanawa, akachovya kidole kwenye mpemba, akampaka Plamedie kwenye paji la uso na mashavuni, akamwambia aende, akae, azae, na akumbuke alikotoka. Anaclet aliitikia amina. Ilikuwa amina ileile ya siku zote, pembeni palepale, ila safari hii baraka yenyewe alikuwa ameituma yeye.

Ilibaki hadithi. Shangazi Laurentine alikuwa bado na mawe yake mkononi, na Plamedie alikuwa na haki ya kuondoka na mwaka mzima. Lakini upi? Mkongwe aligeuza kichwa kumtafuta Anaclet kwa macho yake hafifu.

"Anaclet," akasema, "leo nakuuliza. Mwaka nimupatie mutoto namna gani?"

Anaclet alifikiri juu ya mama yake kwenye nyumba ya reli, njaa ndani, mtoto mmoja kifuani na mwingine mikononi mwa mjane, akihesabu nani ana nini. Hakuharakisha. Ilikuwa mara ya kwanza anaulizwa, na alitaka kuifaidi.

"Kama siku zote, tantine," akasema. "Sukari mbele, mawe nyuma."

Shangazi Laurentine akaitika kwa kichwa, akakohoa kidogo, na kuwaambia jinsi mwisho wa mwaka ule mvua ya mawe ilivyoanguka.